Kutoka bango la duka hadi majumba ya sanaa ya Paris

UKISHUKA daladala kituo cha hospitali ya Mwananyamala, wilayani Kinondoni, na kuanza kutembea kwa miguu kuelekea Komakoma, huwezi kupiga hatua ishirini bila kukutana na maandishi. Duka la dawa, mpiga picha za pasipoti, saluni, muuza majeneza, mama wa supu, fundi simu, wakala wa pesa, muuza vifaranga. Kila mmoja ana bango lake na kila bango linakuita.

Mabango mengi ya siku hizi yametoka kwenye mashine ya kuchapa. Lakini ukitazama vizuri, nyuma ya turubai la plastiki lililochanika pembeni, utaona ukuta una picha ya zamani iliyochorwa kwa mkono: kichwa cha kijana aliyenyolewa denge, soda inayotoa jasho, ng'ombe aliyegawanywa kwa mistari ili mteja wa bucha ajue mnofu na mbavu ziko wapi. Hiyo ni kazi ya brashi, na waliokuwa wakiifanya walikuwa wanaishi humo humo mitaani.

Makala haya yanahusu watu hao na mwenzao mmoja wa Kinshasa aliyeanza kama wao, kisha akafika mahali ambapo hakuna aliyetarajia mwandika mabango angefika. Mfanyabiashara mdogo na mfugaji wana sababu ya kuyasoma, kwani fedha wanayolipa kwa bango ni mtaji, na wengi tumewahi kuupoteza bila kujua.

Mimi ni mmoja wao. Mwaka 2004 nilifungua kibanda cha kuuza chakula cha kuku maeneo ya Mwananyamala. Wakati ule nusu ya majirani walikuwa wanafuga kuku wa nyama katika mabanda ya uani, na pumba, mashudu na dagaa vilikuwa havikai dukani. Nilimwita fundi wa mabango wa mtaani kwetu nikampa karatasi. Nilikuwa nimeandika vitu kumi na kimoja: pumba, mashudu, dagaa, chokaa, chanjo, vifaranga, vyombo vya maji, ushauri kwa wafugaji, jina la duka, jina langu na sanduku la posta.

Fundi aliisoma karatasi ile mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni. Hakuuliza tena habari za bidhaa. Aliuliza wateja wangu wanatokea upande gani wa barabara, kama wanapita kwa miguu au wamo ndani ya daladala, na jua la saa kumi linapiga wapi. Kisha akavuka barabara, akasimama ng'ambo akitazama kibanda changu kwa muda mrefu kama mtu anayenunua kiwanja.

Alichoniletea siku nne baadaye kilikuwa ubao wa rangi ya njano, kuku mmoja mwekundu aliyesimama ubavu akionyesha kishungi na miguu yote miwili, na maneno manne meusi: CHAKULA CHA KUKU HAPA. Jina la duka lilikuwa chini, dogo. Jina langu halikuwepo kabisa. Nilikasirika. Nilimlipa lakini si kwa moyo mweupe, nikiamini nimepunjwa maneno.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa amenipa kitu ambacho wasomi wanakiita usanifu wa michoro, na kwamba vitu saba alivyovitupa ndivyo nilivyokuwa nimemlipa avitupe.

Hesabu ya herufi

Watu huona kazi hii ni ya mkono mwepesi tu. La hasha. Fundi wa mabango huanza na ubao uliopakwa rangi ya kwanza ya kuziba vinyweleo, akausugua kwa msasa, akapaka rangi ya mafuta ya msingi na kuacha ikauke. Halafu huchukua uzi uliopakwa chaki, akaukaza ncha mbili na kuupiga ili uache mstari ulionyooka. Hapo huhesabu herufi za neno pamoja na nafasi, akatafuta katikati, kwa sababu akianza kushoto bila hesabu atafika kulia herufi mbili zimebaki na ubao umekwisha. Mabango ya namna hiyo yapo mengi mjini na yanachekesha, ila si kwa mwenye duka.

Ipo kanuni ya zamani ya waandika mabango duniani kote: herufi yenye urefu wa inchi 1 husomeka vizuri kwa umbali wa futi 10 hivi. Ikiwa mteja wako yuko ng'ambo ya barabara, futi 50 kutoka kwako, unahitaji herufi za inchi 5. Sasa chukua ubao wa futi 4 kwa 3 na ujaribu kupanga maneno kumi na moja ya inchi 5. Hayaenei. Ndiyo maana fundi yule aliikunja karatasi yangu.

Rangi nayo ina hesabu yake. Nyeusi juu ya njano huonekana kwa mbali kuliko mchanganyiko mwingi mwingine, na ndiyo sababu alama nyingi za tahadhari zimepakwa hivyo. Nyekundu juu ya kijani hugombana machoni, na nyeupe juu ya njano huzama. Fundi yule alijua hayo yote bila kwenda chuo chochote. Alijifunza kwa kubeba makopo ya bwana mmoja wa Kinondoni kwa miaka mitatu, alivyonieleza.

Kisha zikaja kampuni za simu. Msomaji wa umri wangu atakumbuka jinsi kuta za maduka zilivyogeuka. Celtel ilianza biashara Tanzania mwaka 2001, mwaka 2008 jina likawa Zain, na mwaka 2010 likawa Airtel. Majina matatu ndani ya miaka kumi, na kila jina na rangi zake. Mwenye duka alifurahi kupakiwa ukuta bure, nao mafundi walipata siku chache za kazi kwa kila badiliko. Lakini kazi ile ilikuwa ya kunakili nembo kutoka kwenye karatasi yenye vipimo. Hakuna aliyemuuliza fundi mteja anatokea wapi. Kwa maoni yangu hapo ndipo ufundi ulipoanza kulala, hata kabla mashine hazijaingia.

Kuku wa bluu

Mashine za kuchapa turubai zilipoenea jijini, hesabu ilikuwa rahisi. Unapeleka picha, unasubiri, unaondoka na bango limekunjwa kwapani siku hiyo hiyo. Mwaka 2008 nami nikafuata mkumbo. Nililiteremsha bango la fundi, nikaliweka stoo kuzuia magunia yasiguse sakafu, nikachapisha turubai kwa karibu nusu ya gharama ya ubao mpya. Safari hii vitu vyangu kumi na kimoja vyote vilienea, pamoja na namba tatu za simu na picha ya kuku mweupe wa Ulaya iliyotolewa kwenye intaneti.

Haukupita mwaka na nusu kuku yule akawa wa bluu. Sababu yake inajulikana kwa wachapaji: katika wino wa kawaida wa mashine, wekundu na unjano ndivyo vinavyoshindwa jua mapema, na bluu na weusi vikabaki nyuma. Jua la pwani halina huruma. Rangi ya mafuta iliyopakwa vizuri juu ya ubao hufifia pia, lakini huchukua muda mrefu zaidi na haibadilishi kuku kuwa ndege wa hadithini. Vijana wa kijiweni wakanipa jina, Mzee wa Kuku wa Bluu, na jina hilo lilinifuata hadi Tandale sokoni nilikokwenda kununua pumba.

Lakini aibu ya rangi haikuwa kubwa. Kubwa ni kwamba watu waliosimama mbele ya turubai lile waliuliza, "Hapa mnauza nini?" Walikuwa na maandishi kumi na moja mbele ya macho yao na bado waliuliza. Wakati wa ubao wa njano sikuwahi kuulizwa swali hilo.

Fundi mwenyewe wakati huo alikuwa anapaka nyumba rangi huko Kijitonyama kwa malipo ya kutwa. Alikuwa na brashi nane za kuandikia alizozikata ncha mwenyewe, amezifunga kwa kitambaa chenye mafuta zisikauke. Alinionyesha. Hakuwa amezitumia kwa miezi.

Wa Kinshasa naye alianza hivyo

Ni hali hiyo iliyonifanya nisome habari za Chéri Samba. Alizaliwa mwaka 1956 kijiji cha Kinto M'Vuila, magharibi ya nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Baba yake alikuwa mhunzi na mama yake mkulima. Mwaka 1972, akiwa kijana wa umri wa shule, aliacha masomo akaenda Kinshasa kutafuta kazi kwa waandika mabango. Mwaka 1975 alifungua karakana yake mwenyewe. Kazi ilikuwa ile ile ya Mwananyamala: vibao vya maduka, saluni na baa.

Pembeni alikuwa akichora katuni za magazeti ya vijana. Humo aliona jambo ambalo wengi wetu tungelipita. Katika katuni, maneno na picha hukaa pamoja na msomaji hatoki mpaka amalize. Katika picha ya kutundika ukutani, mtu hutupa jicho na kuendelea na safari yake. Samba ameeleza mara nyingi kwamba aliamua kuandika maneno ndani ya picha zake ili mpita njia alazimike kusimama, asome, acheke au akasirike, kisha aanze kubishana na jirani yake. Maneno hayo aliyaandika kwa Kifaransa, Kilingala na Kikongo.

Msomaji, hiyo ni akili ya bango. Ni swali lile lile la fundi wangu: mteja anapita kwa miguu au yuko ndani ya daladala? Tofauti ni kwamba Samba hakuwa na mtu wa kumtangazia biashara. Alikuwa na mambo yake ya kusema, kuhusu ndoa, viongozi, maji, ukimwi, wahubiri na mavazi ya vijana, na akayatangaza kwa ufundi ule ule wa kutangazia duka. Alizitundika picha nje ya karakana barabarani kama muuza mitumba anavyotundika mashati. Mtaa wenyewe ulikuwa jumba lake la maonyesho.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima atalipenda. Kitambaa cha wachoraji kutoka Ulaya kilikuwa ghali, na katika siku zake za mwanzo Samba alichora juu ya kitambaa cha magunia. Mtaji wake wa kwanza ulikuwa kitu ambacho sisi wa dukani tulikuwa tukikiuza chakavu au kukitandika chini.

Mwaka 1978 wachoraji wa mitaani wa Kinshasa walionyeshwa pamoja katika maonyesho makubwa ya jiji hilo, na Samba alikuwa miongoni mwao. Mwaka 1989 akaalikwa Paris katika maonyesho yaliyoitwa Magiciens de la terre, yaliyoandaliwa na Jean-Hubert Martin. Maonyesho hayo yaliwakusanya wasanii wapatao mia moja, nusu kutoka nchi za Magharibi na nusu kutoka kwingineko duniani, kwa hadhi moja. Baada ya hapo mlango ulikuwa wazi. Tajiri mkusanya sanaa Jean Pigozzi alinunua kazi zake nyingi. Leo picha zake zimo katika mkusanyiko wa Centre Pompidou mjini Paris na Museum of Modern Art mjini New York. Mwaka 2007 alionyesha Venice, na kati ya mwaka 2023 na 2024 jumba la Musée Maillol la Paris lilimpa maonyesho yake peke yake.

Ukiitazama picha yake ya mwaka 2003 iitwayo J'aime la couleur, yaani "Napenda rangi", utamwona Samba mwenyewe akiwa ameuma brashi mdomoni. Kichwa chake kimekatwa kwa mzunguko kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika, na nyuma kuna anga ya bluu. Kingo zake ni safi, rangi zake hazikuchanganywa zikawa tope, na picha inasomeka kutoka ng'ambo ya ukumbi. Mkono wa mwandika mabango haujaondoka. Kwa mtazamo wangu ndio unaoiuza.

Si yeye peke yake. Jirani zetu Kenya wana Joseph Bertiers, aliyezaliwa mwaka 1963, ambaye alianza kwa kuandika mabango ya baa na bucha pembezoni mwa Nairobi. Baadaye alichora picha kubwa zilizojaa watu, walevi na wanasiasa, na zikanunuliwa hadi Marekani. Yupo pia Evans Mbugua, mzaliwa wa Nairobi wa mwaka 1979 anayeishi Paris. Yeye alikwenda chuo kusomea usanifu wa michoro, na sura za watu anazochora juu ya plastiki ngumu inayopitisha mwanga huzipangia nyuma yake vialama vidogo vidogo kama vile vya barabarani. Mmoja aliupata usanifu barabarani, mwingine darasani.

Jirani yetu wa Msasani

Kabla hatujastaajabia ya Kinshasa na Paris, turudi nyumbani. Kutoka Mwananyamala hadi Msasani ni mwendo wa kutembea kwa mtu mwenye miguu mizuri. Huko ndiko alikoishi Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru wa mwaka 1932, aliyewahi kufanya kazi katika mashamba ya mkonge Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mnamo mwaka 1968 alianza kuchora kwa rangi ya mafuta, ile ya kupakia baiskeli, juu ya vipande vya mraba vya ubao wa dari. Picha hizo ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay, ambako wateja wake wengi walikuwa wageni.

Inasimuliwa kwamba kilichomshawishi ni kuona picha za Wakongo zikiuzwa jijini na watu wakizinunua. Kama ni hivyo, basi njia ya Kinshasa na njia ya Msasani zilikutana mapema.

Sasa chukua picha ya Tingatinga ya siku zile na uiweke karibu na ubao wangu wa njano. Mnyama mmoja, amesimama ubavu. Nyuma yake rangi moja tu. Mstari wa pembeni umekolea. Hakuna mlima, hakuna kivuli, hakuna kitu cha ziada. Chui wake ungemtambua ukiwa juu ya baiskeli. Siwezi kusema fundi wangu alimwiga, na sikumuuliza. Nadhani wote wawili walikuwa wanajibu swali moja: mteja anapita upesi, nimsimamishe vipi kwa ubao mdogo na makopo matatu ya rangi?

Tingatinga alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, aliyodhaniwa kwa makosa kuwa miongoni mwa wahalifu waliokuwa wakikimbia. Alikuwa amechora kwa miaka isiyozidi mitano. Wanafunzi na ndugu zake waliendelea pale pale Oysterbay, na mwaka 1990 wakaunda chama chao cha ushirika. Jina la mtu likawa jina la mtindo, na mtindo ukalisha familia nyingi.

Hata hivyo, kuna upande wa pili ambao mfanyabiashara hawezi kuupuuza. Mtindo rahisi kusomeka ni rahisi kuigwa pia. Tembo yule yule, Mlima Kilimanjaro ule ule na Wamasai wale wale utawakuta Mwenge, Zanzibar, Arusha na Nairobi. Mteja akiona picha ishirini zinazofanana huuliza bei ya chini kabisa, kama anavyofanya akikuta wauza nyanya ishirini wamepanga mstari mmoja. Mchoraji hodari huumia zaidi, kwa maana mteja hana njia ya kumtofautisha na aliyejifunza wiki iliyopita.

Samba aliliona tatizo hilo mapema. Alijichora mwenyewe ndani ya picha, uso wake ukawa nembo. Aliandika maneno yake kwa mwandiko wake, na hayo huwezi kuyanakili bila kuonekana umenakili. Alitia saini kubwa yenye mwaka. Anarudia picha zake mwenyewe zilizopendwa, lakini anayerudia ni yeye. Tazama mabango yetu ya zamani ya Mwananyamala uone tofauti: pembeni chini utakuta namba ya simu ya fundi, mara nyingi bila jina. Namba ilishabadilika zamani, na aliyechora hajulikani.

Nani alipwe kwa lipi

Baadhi ya watu watasema habari za Paris hazimhusu fundi wa Mwananyamala anayetafuta fedha ya unga. Nakubaliana nao kwa sehemu. Mlango wa mwaka 1989 haukufunguliwa kwa kila mwandika mabango wa Kinshasa, na wengi waliokuwa na karakana barabara hiyo hiyo hatuwajui majina. Kipaji kilikuwapo, lakini palihitajika pia watu wa kununua, kuandaa maonyesho na kuandika. Hapa kwetu yapo mahali machache ya kuanzia. Nafasi Art Space kilianzishwa mwaka 2008 Mikocheni, si mbali na Mwananyamala, kikiwa na vyumba vya wasanii kufanyia kazi na sehemu ya maonyesho. Fundi mwenye picha zake anaweza kufika kwa daladala akaona wenzake wanafanya nini.

Lakini hata asipokwenda huko, lipo somo la bei. Mashine imechukua herufi, na katika herufi fundi hawezi tena kushindana nayo, kwani inaandika haraka, kwa unyoofu na kwa bei rahisi. Haijachukua kazi ya kuvuka barabara na kutazama. Hiyo ndiyo bidhaa iliyobaki, na mafundi wetu wengi walikuwa wakiitoa bure kama nyongeza juu ya herufi. Anayejua kuchagua neno la kubaki na la kutupa anaweza kuuza mchoro wa bango hata kama utakwenda kuchapwa kwa mashine.

Mwenye duka naye asidanganywe na wingi wa nafasi kwenye turubai. Kabla ya kulipa, chukua kipande cha boksi, andika maneno yako kwa makaa kwa ukubwa utakaotumika, mpe mtoto akisimamishe mahali pa bango, nawe uvuke barabara. Usichokisoma kwa mara moja kiondoe. Ulizia pia halmashauri kwanza, maana ada ya bango hutozwa kwa ukubwa wake, na bango kubwa lisilosomeka utalilipia kama linalosomeka.

Kuhusu haki, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda mchoro tangu unapochorwa, na kuusajili COSOTA humsaidia mchoraji kupata ushahidi pale anapoibiwa. Mwenye biashara anayetaka kuku wake asitumiwe na jirani asajili alama ya biashara BRELA, baada ya kuandikishana na mchoraji nani anamiliki nini. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha kuanzia, na ni vyema iandikwe kabla ya kopo la rangi kufunguliwa, wakati bado mnapendana.

Mwaka 2010 nilimtafuta yule fundi Kijitonyama nikamwomba anichoree tena. Nilimkuta juu ya ngazi. Alishuka, akanawa mikono kwa mafuta ya taa, akanitajia bei mbili: ya herufi, ambayo ilikuwa sawa na ya mashine, na ya kuku, ambayo ilikuwa mara tatu ya hiyo. Nilimwambia kuku ni mmoja tu, tena mdogo. Akasema basi nikachape. Tulivutana karibu saa nzima, akapunguza kidogo kwenye herufi na kwenye kuku hakupunguza kitu.

Alitumia ubao ule ule wa stoo, akausugua ukaanza upya. Duka nililiuza mwaka 2012. Aliyelinunua anauza dawa za mifugo na hakutaka jina langu la duka libaki, kwa hiyo alimwita fundi mwingine akafuta maneno ya chini na kuandika yake. Kuku alisema asiguswe.